Namba ya Jioni

Mlinzi wa lango alikuwa ameulizwa swali lile lile mara tisa, na mara zote tisa alijibu vile vile. Kwa mkuu wa kituo hiyo ilikuwa dalili ya uongo uliokaririwa. Kwa Inspekta ilikuwa dalili ya mtu aliyechoka. Hata hivyo akaliuliza mara ya kumi, maana watu hawakumpa jina la Taratibu bure.

"Nani alikuambia ufungue lango?"

"Namba, afande. Namba ndiyo iliyoniambia."

"Namba haina mdomo."

"Huku kwetu inao."

Koplo alipumua kwa nguvu juu ya daftari lake. Alikuwa msichana hodari, tatizo lake moja tu: alitaka kila kesi iishe kabla chai haijapoa. Na safari hii hata Inspekta hakuwa na muda wa kuchezea. Leo Jumapili. Kesho asubuhi gari la mahabusu lingempeleka mlinzi mahakamani kwa kosa la kuua kwa kukusudia, na hati ya mashtaka ilikuwa imeshapigwa chapa, inangoja sahihi.

"Nieleze kazi yako," Inspekta alisema. "Nieleze kama unamweleza mtoto."

Mlinzi alipangusa uso kwa kiganja. "Haya. Juu kule kuna banio limeuzuia mto. Mto unatoka milimani na mchanga wake, mchanga unajaa nyuma ya banio. Usipousafisha, mtambo wa umeme unameza mchanga, mifereji ya wakulima nayo inaziba. Kwa hiyo kila jioni nafungua lango la chini, maji yanashuka kwa kishindo, yanausukuma mchanga. Robo saa tu, nafunga. Lakini sifungui mpaka Mzee Namba atume namba."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu yeye yuko chini yangu, mwendo wa nusu saa, nyuma ya kona. Simwoni, hanioni. Anashuka ngazi, anasoma ubao wa kipimo, anapanda, anafika kwake, anatuma namba kwa simu. Ofisini wanaipata, na mimi naipata. Namba ikiingia, maana yake mzee yuko juu, yuko salama, mto ni wangu. Miaka kumi na moja tumefanya hivyo. Namba kwanza, lango baadaye."

"Na Jumatano?"

"Jumatano iliingia saa kumi na moja na dakika arobaini. Sabini na moja. Simu mnayo nyinyi, someni."

Walikuwa wameshaisoma. Ujumbe ulikuwapo, tarakimu mbili tu, kutoka simu ya Mzee Namba. Lango lilifunguliwa dakika kumi baadaye. Asubuhi ya Alhamisi mzee alikutwa amenasa kwenye masanduku ya waya yenye mawe, kule bondeni, na daktari akasema ni maji yale ya lango yaliyomchukua. Simu yake ilikutwa nyumbani, kavu, iko juu ya kabati inachajiwa. Hapo ndipo mkuu wa kituo alipopiga meza. Mtu aliye mtoni hatumi ujumbe kwa simu iliyo kabatini! Basi aliyeutuma alitumwa na mlinzi, apate kisingizio cha kufungua.

"Mwezi wa pili, kwenye mkutano wa maji," Koplo alisema, "ulimwambia marehemu, mbele ya watu, 'Huo mto utakuja kukumeza.' Kweli si kweli?"

Mlinzi aliinamisha kichwa.

"Kweli."

"Kisa?"

"Kisa ni namba. Namba ikishuka chini ya sitini, sheria ni kwamba maji yote yanakwenda mashambani, mtambo unazimwa. Siku moja mzee alituma hamsini na tisa. Umeme ukakatika. Mke wangu alikuwa zahanati, anajifungua. Mtoto alitoka hapumui, na mashine ya hewa ilikuwa imelala." Aliendelea kwa sauti ile ile. "Namba moja tu, afande. Angeandika sitini, nani angejua?"

Koplo aliacha kuandika.

"Sasa mnaona nina sababu ya kumuua," mlinzi alisema. "Hata mimi ningekuwa polisi ningenikamata. Lakini muulizeni yeyote, nani alikaa na mimi msibani siku tatu? Ni huyo huyo mzee. Alinishika mkono akaniambia, 'Mwanangu, kama ningeweza kudanganya namba moja maishani mwangu, ningedanganya ile.' Mtu kama huyo unamuua vipi?"

Inspekta alisimama, akavaa kofia.

"Twende mtoni," alimwambia Koplo. "Hapa tumekwisha kula, tunalamba sahani."

*

Ngazi za kwenda kwenye ubao wa kipimo zilikuwa themanini na sita. Inspekta alizihesabu kwa sababu magoti yake yalimlazimisha. Zilichongwa kwenye mwamba, nyembamba, zenye ukungu wa kijani pembeni, na hazikuwa na kishikio. Mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kwa miaka ishirini na sita, mtu mmoja alishuka hapa kusoma kina cha mto ili watu wa juu wajue nani apate maji na nani asubiri. Watu walimwita Mzee Namba kwa utani, na utani ukageuka heshima.

Ngazi ya mwisho ilikuwa kavu. Hatua nne mbele yake, ndani ya maji, ubao ulisimama wima umefungwa kwenye chuma, umechorwa tarakimu nyeusi kubwa kama rula ya jitu, mpaka mita mbili.

"Soma," Inspekta alisema.

Koplo alitazama. "Sitini na saba."

"Umelowa?"

"Nilowe kwa nini? Si naiona hapa hapa nilipo."

"Ndilo swali langu hilo. Mtu wa miaka ishirini na sita kazini anaijua hii ngazi kuliko kitanda chake. Anasoma kutoka hapa, mkavu, anarudi. Maji ya lango yakija yanafika magotini kwa aliyesimama hapa, anapanda ngazi mbili amepona. Mzee alikuwa wapi hata yakamkokota?"

"Labda alisukumwa."

"Fimbo yake mliiokota wapi?"

Koplo alifungua daftari. "Ngazi ya mwisho. Imeegemezwa ukutani. Na viatu viwili, vimepangwa sambamba."

"Anayesukumwa hapangi viatu."

Inspekta alivua vyake, akakunja suruali, akaingia. Mto ulikuwa baridi hata akataja jina la mama yake. Aliushika ubao kwa mikono miwili, ukampa ute wa kijani, na chini ya ute vidole vyake vikakutana na kitu. Akaufuta ukingo kwa kitambaa.

Pembeni mwa ubao, mahali ambapo jicho lisingetazama, palikuwa na pengo dogo lililokatwa kwa kisu. Chini yake, kwa umbali wa kidole gumba kizima, palikuwa na jingine, la kina zaidi. Kila tano pengo dogo, kila kumi pengo kubwa, kutoka juu mpaka chini ya maji. Mti uliokatwa ulikuwa bado mweupe.

"Haya yana wiki moja, hayazidi," alisema.

"Wahuni," Koplo alisema kutoka ngazini. "Wameharibu mali ya umma."

"Mhuni gani anakata kwa vipimo? Fumba macho."

"Afande?"

"Fumba macho uje hapa."

Koplo alikuja huku akinung'unika, macho yamefumbwa, mkono mmoja kwenye bega la mkubwa wake. Inspekta aliuweka mkono wake wa pili juu ya ubao. Vidole vilitembea, vikasita, vikashuka, vikahesabu mpaka vikagusa maji.

"Sitini na... sitini na tano na kidogo," Koplo alisema. Kisha akafumbua macho, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi hakuwa na haraka yoyote. "Mungu wangu. Mzee alikuwa haoni!"

*

Juu ya ngazi, kwenye kibanda cha mabati, fundi viatu alikuwa akishona soli. Kibanda kile kilitazama njia yote ya kwenda mtoni, na fundi alikuwa na sifa ya kuona hata yasiyomhusu. Inspekta alikaa kwenye kigoda cha wateja akamnyooshea kiatu chake chenye maji.

"Hiki hakihitaji fundi, kinahitaji jua," fundi alisema.

"Nani alikuomba kisu wiki iliyopita?"

Sindano ilisimama.

"Aliniomba kile kidogo cha kukatia ngozi. Nikamwambia, mzee, wewe na kisu wapi na wapi, utajikata pua ukidhani ni muwa." Fundi alicheka, kisha akasikia alichokisema, akafunga mdomo.

"Kwa hiyo ulijua haoni."

"Mtu akikuletea viatu viwili vya kushoto akakuambia ni jozi, mara mbili, utajua tu."

"Kijiji kizima kilijua?"

"Walijua waliotaka kujua, afande. Wengine tulinyamaza. Ungekuwa wewe ungekwenda ofisini kumchongea? Mzee mwenyewe hajawahi kukosa namba hata siku aliyomzika mama yake!"

"Namba zilikuwa zinatoka wapi?"

Fundi alitazama upande wa nyumba ya marehemu, akatazama soli yake. "Hilo kamuulize mwenye nyumba."

"Kisu alisema cha nini?"

Fundi aliiweka soli chini. Sauti yake ilishuka. "Alisema ni siri, mke wake asijue. Mama yule goti limemvimba tangu mvua hizi zianze. Mzee akaniambia, 'Fundi, nataka siku moja nimwambie mama, leo wewe kaa, mimi nimeshasoma.' Jumatano alipita hapa na fimbo yake, anapiga mluzi. Nikajua siku yenyewe ndiyo hiyo. Nikamtakia heri." Alipangusa macho kwa mkono wenye nta. "Mimi ndiye niliyemnolea kile kisu."

Walipotoka pale Koplo alifunga daftari lake. Halafu akasema, "Basi kesi imeisha."

"Kesi imeisha," Inspekta alikubali. "Kazi ndiyo bado."

*

Mjane alikuwa ameketi kizingitini, mguu umenyooshwa juu ya kiti kidogo, goti limefungwa kitambaa. Msiba ulikuwa umekunja mikeka, umekwenda. Wanawake waliobaki walikuwa uani wanaosha vyombo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Binti, vuta hicho kiti."

"Pole sana na msiba."

"Nimeshapoa. Tutafanyaje."

Simu ya marehemu ilikuwa mapajani mwake. Polisi walikuwa wamemrudishia baada ya kunakili walichokitaka. Ililia wakati Inspekta anakaa, na mama akaigeuza aone. Ujumbe ulikuwa mmoja, ulioletwa na mashine ya ofisini, umerudiwa asubuhi na jioni tangu Alhamisi: *Namba haijafika.*

"Hawajui kwamba amekufa?" mama aliuliza.

"Watu wanajua. Mashine haijaambiwa."

"Masikini," alisema mama, na haikujulikana anamhurumia nani.

Inspekta aliomba daftari la mto. Lililetwa, kubwa, jalada lake limeshonwa upya kwa uzi wa viatu. Alilifungua taratibu, ukurasa kwa ukurasa, mwaka kwa mwaka. Saba alizoandika Mzee Namba zilikuwa na kistari kiunoni, kama za watu waliofundishwa na mwalimu wa zamani. Kurasa na kurasa za saba zenye kistari. Halafu, miaka miwili nyuma, katikati ya mwezi, kistari kilitoweka, kisirudi tena. Mstari wa mwisho ulikuwa wa Jumatano jioni: *71*. Saba yake ilikuwa tupu.

"Mama, niandikie namba ya simu ya hapa, nisije nikaipoteza."

Mama aliandika kwenye kipande cha karatasi. Ilikuwa na saba tatu. Inspekta aliiweka karatasi juu ya daftari, kando ya ile sabini na moja, akaacha vikae hivyo.

Mama alitazama. Hakuwa mjinga.

"Umenitega, mwanangu."

"Nimekutega, mama. Nisamehe."

"Ulimwambia huyu binti," Inspekta akaendelea, "kwamba namba ni kazi ya mzee, wewe huijui. Nataka unieleze upya. Kuna kijana mahabusu, kesho anapelekwa mahakamani. Wanasema amemuua mume wako."

"Yule wa lango? Aliyefiwa na mtoto?" Mama alishtuka. "Kwa nini? Si mzee aliteleza?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Msibani watu walinong'ona kila kitu isipokuwa mbele yake.

Basi akaeleza, na hakulia alipoeleza. Macho ya mzee yalianza na ukungu, yakaishia giza. Daktari wa mjini alisema amechelewa. Mzee alitaka kwenda ofisini aseme ukweli, yeye ndiye aliyemkataza. Miaka ishirini na nne kazini, leo waje wamweke pembeni kama jembe bovu? "Nikamwambia, macho ninayo mimi, nitakuazima." Akawa anashuka yeye, asubuhi na jioni, anasoma, anapanda, anaandika, anatuma. Hakuna namba hata moja iliyokuwa ya uongo. Hilo alilirudia mara mbili.

"Ndiyo maana niliwaambia sijui. Wasije wakasema kaburini kwake kwamba alikuwa anawadanganya."

"Na Jumatano ulishuka?"

Hapo mama aliutazama mguu wake. Alilipapasa goti.

"Jumatano hapana. Mguu ulikataa. Mzee alisema anakwenda kunyoosha miguu kwa fundi viatu, na akanibusu hapa kichwani, nikashangaa, mzee amepatwa na nini leo. Akaondoka. Mimi nikakaa hapa hapa nikausikiliza mto. Miaka miwili ya kushuka, mwanangu, unaujua mto kwa sauti kama unavyomjua mtoto wako akilia. Nikasema, sabini na moja. Nikaandika, nikatuma mapema ili nikaweke chakula motoni."

Koplo alikuwa anaandika maelezo, kalamu inakwenda polepole kuliko siku zote. Kwa mlinzi yalikuwa yametosha: ujumbe ulitumwa na mke wa marehemu, bila hila, na lango likafunguliwa kwa utaratibu. Inspekta angeweza kuchukua sahihi, akaaga, akaondoka. Alilitamani sana jambo hilo.

Lakini mama alikuwa anafikiri, na uso wake ulikuwa unabadilika.

"Namba inakwenda ofisini," alisema. "Si ndiyo? Inakwenda ofisini."

Inspekta alitazama chini.

"Huyo wa lango inamhusu nini? Mwanangu, nakuuliza. Namba yangu inamhusu nini mtu wa lango?"

"Mzee hakuwahi kukuambia?"

"Aliniambia nibonyeze hapa, halafu hapa. Majina mawili. Sikuuliza ni ya nani."

"Jina la pili ni la mlinzi. Namba ikifika kwake, anajua mtoni hakuna mtu. Ndipo anafungua."

Uani mtu aliangusha sufuria na wanawake wakacheka, kisha wakakumbuka msiba, wakanyamaza.

"Kwa hiyo lango lilifunguliwa na mimi."

"Lilifunguliwa na..."

"Usinidanganye. Nimeshazika. Nini kingine utanificha?"

"Ndiyo, mama," Inspekta alisema. "Ni namba yako."

Aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa daftari, na hapo ndipo alipolia, kilio cha chini kisicho na maneno. Koplo alipiga magoti akamkumbatia, sheria za polisi akaziacha mlangoni. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, lakini methali haikusema itakuwaje kama maradhi yalifichwa na wawili, kila mmoja kwa kumwonea mwenzake huruma.

Inspekta alimweleza habari za mapengo kwenye ubao. Hakujua kama ni dawa au sumu, lakini aliona ni mali yake. Alimweleza juu ya kisu, na maneno aliyoambiwa fundi: leo wewe kaa, mimi nimeshasoma. Mama alisikiliza akiwa ameshika mkono wa Koplo.

"Kumbe alishaweza mwenyewe," alisema mwishowe. "Mpumbavu wangu."

Akatia sahihi. Aliandika jina lake lote. Akauliza kijana wa lango atatoka lini, akaambiwa leo leo. Akasema akitoka apitie kwake ale. Inspekta akapiga simu kituoni, mlinzi aachiwe, arudishiwe simu yake, apelekwe langoni.

Jua lilikuwa limeegemea mlima. Simu ikalia tena. *Namba haijafika.* Siku tatu lango halikufunguliwa, na mchanga ulikuwa umejaa nyuma ya banio. Meneja wa mtambo alikuwa amepiga simu kituoni mara mbili, wakulima mara nne.

"Saa ngapi?" mama aliuliza.

"Kumi na mbili kasoro robo."

Alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akageuza sikio upande wa mto. Inspekta alisikia maji tu, maji yanayovuma chini ya mwamba kama yalivyovuma asubuhi.

"Sitini na sita," mama alisema. "Lakini kwa sikio sitatuma tena. Binti, una miguu. Nenda ukanisomee."

Koplo alikwenda. Walimsikia akishuka, viatu vyake vikipiga mwamba, mpaka sauti ikapotea. Kisha kutoka bondeni, nyembamba, ikaja sauti yake.

"Sitini na sitaa!"

Mama alivuta daftari. Aliandika tarehe, akaandika namba. Inspekta alichukua simu, akabonyeza tarakimu mbili, akatafuta yale majina mawili. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe cha kutuma.

Mama alimshika kifundo cha mkono, kwa nguvu ambayo hakutarajia kutoka kwa mwili ule.

"Usitume," alisema. "Mngoje huyo mtoto apande."

Wakangoja. Ngazi themanini na sita si chache. Mama hakuuachia mkono wa Inspekta, na macho yake hayakutoka kwenye njia ya mtoni, mpaka kofia ya Koplo ilipochomoza, halafu uso, halafu Koplo mzima, anahema, suruali yake kavu.

"Umefika?" mama aliuliza.

"Nimefika, bibi."

"Kaa hapa karibu yangu." Akangoja mpaka akae. "Haya, mwanangu. Sasa tuma."